Shahada ya Nchi Mbili: Tuulize Kabla ya Kulipa

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Miaka kadhaa iliyopita, baada ya swala ya alasiri, alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu pamoja na binti yake aliyekuwa ndio kwanza amemaliza kidato cha nne. Mkononi alikuwa na karatasi ya rangi ya chuo kikuu kimoja cha nje, chenye jina zuri la Kiislamu, ambacho kilikuwa kimefungua kituo hapa pwani kwa kushirikiana na taasisi ya humu nchini. "Sheikh," aliniambia, "mwanangu ataka kuwa mwalimu. Mimi sitaki aende mbali, hana mahram wa kufuatana naye. Hapa atasoma akirudi nyumbani kila jioni, na shahada atapewa ya ng'ambo. Waonaje?" Niliitazama ile karatasi, nikaona picha ya msikiti na ya maktaba, nikasema: "Bismillah, mwandikishe. Mwenyezi Mungu atie baraka." Sikuuliza swali jingine lolote.

Binti alisoma miaka minne. Mama aliuza kipande cha shamba la minazi alichorithi kwa babake, na dhahabu yake ikaenda kwa sonara mara mbili isirudi. Siku ya mahafali tulialikwa, tukala pilau, tukaomba dua. Kisha binti akaenda kujiandikisha kuwa mwalimu, akaambiwa kwamba shahada ya nje ni lazima kwanza itambuliwe na kulinganishwa na za hapa. Akapeleka vyeti vyake, akangoja. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: chuo kikuu kile kinatambulika katika nchi yake, lakini programu ile, katika kituo kile, haikuwa na idhini ya kufundishwa nchini Kenya.

Mama yule hakunilaumu hata kwa neno moja. Lakini mimi nimejilaumu, kwani mtu anayeombwa ushauri amewekewa amana, na mimi niliitoa rai yangu kwa kutazama picha. Ndiyo sababu nimejifunza jambo hili, nikauliza wajuao, na leo naliandika ili jamaa nyingine zisipite njia ile.

Aina za shahada za kushirikiana

Shahada zinazovuka mipaka ya nchi ni za namna mbalimbali, na ni muhimu tuzitofautishe, kwa kuwa kila moja ina mlango wake wa hatari.

Ya kwanza ni shahada ya pamoja. Vyuo viwili au zaidi, vya nchi tofauti, hutunga mtaala mmoja, mwanafunzi akasoma sehemu huku na sehemu kule, kisha akapewa cheti kimoja chenye mihuri ya vyuo vyote. Ya pili ni shahada mbili: mwanafunzi hupita programu iliyoungwa, lakini kila chuo humpa cheti chake. Ya tatu ni ile ambayo chuo cha nje hutoa jina, mtaala na mitihani, na taasisi ya hapa hutoa madarasa na walimu. Ya nne ni tawi: chuo cha nje chenyewe kimejenga mguu wake katika nchi nyingine. Ya tano ni masomo ya masafa, ambapo mwanafunzi yuko nyumbani kwake Lamu au Kwale, na mwalimu yuko Malaysia au Uingereza.

Zote hizo zinaweza kuwa halali na zenye faida. Nazo kwa jamaa zetu zina neema ya pekee. Binti ambaye wazazi wake hawangemruhusu kusafiri peke yake anapata elimu ya juu bila ya kuuacha mji wake. Mke mwenye watoto wadogo anaweza kusoma usiku watoto wakilala. Lakini kwa sababu haja hiyo ni kubwa kwetu, wako wanaoijua na kuifanyia biashara. Wanajua kwamba mama wa pwani akisikia "karibu na nyumbani" na "jina la Kiislamu", roho yake hutulia kabla ya kuuliza.

Ijaza na ithibati

Sisi tuliosoma madrasa jambo la kuhakikisha ubora wa elimu si geni kwetu. Mwanafunzi wa zamani hakuwa mwalimu kwa kujitangaza. Alikaa mbele ya sheikh wake, akasoma kitabu kutoka mwanzo hadi mwisho, akaulizwa, akasahihishwa, na sheikh alipotosheka alimpa ijaza, akitaja naye aliipokea kwa nani, na huyo kwa nani. Na ijaza ilivuka bahari. Sayyid Ahmad bin Sumeit alizaliwa Ngazija mwaka 1861, akasoma Hadhramaut, akawa kadhi Unguja. Sheikh Abdallah Bakathir alitoka Lamu akafungua madrasa Unguja. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoka Mombasa akaenda kusoma kwao. Ngazija, Hadhramaut, Lamu, Mombasa na Unguja zilikuwa chini ya serikali tofauti, lakini ijaza ya mmoja ilikubaliwa kwa mwingine, kwa kuwa mlolongo wa walimu ulijulikana na kila jina ndani yake lingeweza kuulizwa.

Ithibati ya vyuo vikuu ni mfano wa jambo hilo hilo kwa mpango wa kisasa. Ni ushahidi wa chombo kilichopewa mamlaka kwamba programu fulani ina mtaala uliokamilika, walimu wenye sifa, maktaba na maabara za kutosha, mitihani ya haki, na kumbukumbu zinazotunzwa. Ushahidi huo una muda wake. Ukimalizika programu hukaguliwa upya. Juu ya hayo huwapo mtahini wa nje, yaani mwalimu wa chuo kingine anayeletwa kutazama maswali na majibu ya mtihani ili wenyeji wasijipimie wenyewe.

Kupima ndio msingi wa yote haya. Katika Qur'ani iko sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya vikali wale ambao wakijipimia hutimiza na wakiwapimia watu hupunguza. Na tumesoma katika hadithi jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono wake katika rundo la chakula sokoni, akakuta juu ni kukavu na ndani ni majimaji, akamkemea mwenye mali na kubainisha kwamba mdanganyifu si katika sisi. Chuo kinachouza cheti chenye sura nzuri na ndani hamna elimu, au hamna idhini, ni lile rundo la chakula.

Manahodha wawili

Wahenga wetu walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hili ndilo tatizo la asili la shahada inayoshirikisha nchi mbili. Chuo cha nje husema: sisi tumekaguliwa kwetu. Taasisi ya hapa husema: shahada si yetu, ni ya wale. Mkaguzi wa nchi ya kwanza hutazama makao makuu wala havuki mpaka kwenda kukitazama kituo cha mbali. Mkaguzi wa nchi ya pili huenda hana habari kwamba kituo kipo. Katikati hapo mwanafunzi husoma miaka minne bila ya mtu yeyote kuwa na jukumu la kuuliza kama anafundishwa vyema.

Ni lazima tufahamu kwamba idhini ni tatu, na moja haisimami mahali pa nyingine. Kuna idhini ya chuo, kwamba ni chuo kikuu cha kweli. Kuna idhini ya programu, kwamba chuo hicho kinaruhusiwa kufundisha shahada hiyo hasa. Na kuna idhini ya mahali, kwamba kinaruhusiwa kuifundisha katika tawi au kituo hicho. Mama wa mtaani kwetu alikuwa na idhini moja tu mkononi, akadhani ni zote tatu. Nami nilidhani vivyo hivyo.

Kwa taaluma kama udaktari, uuguzi, uhandisi na uanasheria, kuna mlango wa nne. Hata shahada ikitambuliwa, ruhusa ya kufanya kazi hutoka kwa baraza au bodi ya taaluma hiyo, nalo lina masharti yake ya mafunzo ya vitendo na mitihani.

Njia walizopita wengine

Afrika Mashariki ina historia ndefu katika jambo hili. Kuanzia mwaka 1949 wanafunzi wa Makerere walisoma Kampala huku shahada zikitoka Chuo Kikuu cha London, ambacho kilishiriki katika kukubali mitaala na kusimamia mitihani. Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye vyuo vyake Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mkenya aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, Mtanganyika aliyetaka uhandisi alikuja Nairobi, na aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Shahada ilikuwa moja na kipimo kilikuwa kimoja. Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanyika, kila nchi ikabaki na chake, na vipimo vikaanza kutofautiana.

Juhudi za kuviunganisha tena ni kazi ya Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, ambalo liliwekewa sheria ya Jumuiya mwaka 2009. Baraza hili halitoi shahada. Linatunga miongozo ya pamoja ya ubora, na kuwafunza wakaguzi wa ndani ya vyuo. Tarehe 20 Mei 2017, huko Dar es Salaam, wakuu wa nchi za Jumuiya waliitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Ni hatua njema, lakini wengi waliifahamu vibaya. Tangazo lile halikuifanya kila shahada ya nchi jirani ipite yenyewe bila ya kutazamwa. Kila nchi ingali na chombo chake: Kenya ina Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, Tanzania ina Tume ya Vyuo Vikuu, Uganda ina Baraza la Taifa la Elimu ya Juu.

Wazungu wa bara la Ulaya nao walikutana na mkanganyiko huu walipoanza kuunganisha programu zao. Programu moja ya nchi nne ilikaguliwa mara nne, kila nchi na masharti yake, na mengine yakipingana. Mwezi Mei 2015, mawaziri wao wa elimu walipokutana Yerevan, Armenia, walikubaliana juu ya njia moja ya kukagua shahada za pamoja. Programu nzima hukaguliwa mara moja kama kitu kimoja. Vyuo vyote vinavyoshiriki huandika taarifa moja ya kujitathmini. Jopo lisilopungua watu wanne, wakiwamo watu kutoka angalau nchi mbili zinazohusika na mwanafunzi mmoja, huzuru na kuuliza. Ikipasi, hukubaliwa kwa miaka sita. Tena vyuo hutakiwa viwe na mkataba wa maandishi unaosema nani anasajili, nani anatahini, nani anatoza ada, na cheti kitatolewa na nani. Fundisho lake kwetu ni jepesi: manahodha wawili hawadhuru chombo, ikiwa imeandikwa ni nani anayeshika usukani na saa ngapi.

Hata kipimo cha saa za masomo kimewashughulisha. Ulaya mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, yaani darasani na nje ya darasa. Tanzania mwaka mmoja ni krediti 120, na krediti moja ni saa 10. Asiyejua atadhani mwanafunzi wa Tanzania amesoma mara mbili ya mwenzake, kumbe ni pishi na kibaba. Lazima ujue ujazo wa chombo kabla ya kulinganisha hesabu. Kazi ya kulinganisha shahada ni kazi ya kujua vyombo hivyo.

Shahada njema nayo hutaka ulinzi

Msidhani hatari iko kwa vyuo vya udanganyifu peke yake. Mwaka 2023 nchini Uganda wazazi wengi walishtuka ilipoonekana kwamba programu nyingi, hata za vyuo vyenye heshima, muda wa ithibati yake ulikuwa umepita bila kuhuishwa. Baraza la huko lilieleza kwamba jambo hilo halifuti shahada za waliohitimu, lakini wasiwasi ulikuwa umekwisha kuingia, na waajiri na vyuo vya mbali huuliza maswali.

Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, vita vilizuka Khartoum. Wako vijana wetu waliokuwa wakisoma huko, nao walirudi na nguo walizovaa. Shahada zilikuwa za kweli na walimu walikuwa wanazuoni, lakini aliyekuwa hana nakala ya matokeo yake ya kila muhula alipata shida kubwa kuthibitisha amefika wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu ni hivyo hivyo. Kila mwenye mtoto anayesoma nje na awe na nakala za matokeo, barua ya kukubaliwa na risiti za ada, zikiwekwa nyumbani na pia katika simu ya mtu mzima mmoja anayeaminika.

Maswali ya kuuliza

Ndugu zangu, na hasa akina mama ambao mara nyingi ndio mnaobeba mzigo wa ada kupitia vyama na dhahabu zenu, haya ndiyo maswali ambayo laiti ningeyauliza siku ile.

La kwanza: shahada itatolewa na nani, na jina gani litaandikwa kwenye cheti? Ombeni kuona mfano wa cheti chenyewe.

La pili: chuo hicho kimeidhinishwa na chombo gani katika nchi yake, na chombo hicho chenyewe ni cha serikali? Wako wanaojiundia vyombo vya ithibati kama vile wanavyojiundia vyuo.

La tatu: programu hii hasa imeidhinishwa, na hadi mwaka gani?

La nne: kama masomo ni hapa Kenya, iko wapi idhini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa programu hii katika kituo hiki? Msitosheke na neno "tumeomba, iko njiani". Iulizeni Tume yenyewe kwa barua, nanyi mpate jibu la maandishi.

La tano: kama ni taaluma yenye baraza lake, baraza hilo linawakubali wahitimu wa programu hii?

La sita: mkataba baina ya vyuo viwili ukivunjika katikati ya safari, mwanafunzi ataendelea wapi na kwa ada ya nani?

La saba: wako wahitimu waliotangulia? Tupeni wawili tuzungumze nao, tujue wanafanya kazi wapi.

Chuo cha kweli hakichukizwi na maswali haya. Chenye majibu huyatoa siku hiyo hiyo, tena kwa furaha. Kinachokasirika au kinachowaharakisha kwa "nafasi zinakwisha Ijumaa" kimeshawajibu.

Na kwa wenzangu maimamu na walimu wa madrasa nina neno. Watu hutuamini katika mambo ya dunia kwa sababu wanatuamini katika dini. Tusiigeuze imani hiyo kuwa tangazo la biashara ya mtu. Anayeomba kutangaza chuo msikitini baada ya swala ya Ijumaa na alete hati zake kwa kamati kwanza. Na tukiulizwa tusilolijua, kusema "sijui, nendeni mkaulize kwa wahusika" ni sehemu ya elimu.

Binti yule, Alhamdulillah, hakuvunjika moyo. Chuo kingine chenye idhini kilimkubalia sehemu ya masomo yake, yaliyobaki akayarudia kwa zaidi ya miaka miwili. Leo anafundisha. Alichokipoteza ni miaka, na mama yake alichokipoteza ni shamba. Vyote viwili havirudi. Mwezi uliopita mama alinijia tena, safari hii na binti wa pili. Hakuniletea picha. Aliniletea daftari lenye maswali aliyoyaandika mwenyewe, na majibu ya chuo chini ya kila swali, isipokuwa moja lililokuwa bado wazi. "Sheikh," akasema, "hili hawajanijibu. Basi sijalipa."

Nikamwambia: "Usilipe, dada yangu, mpaka wajibu." Na hilo ndilo jibu ambalo lilistahiki kutoka kinywani mwangu miaka ile.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaruzuku watoto wetu elimu yenye manufaa, awalinde na wenye kupunja vipimo, na atusamehe sisi pale tuliposema bila ya kujua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.